Safari ya Rhamu Kumtafutia Kitamil Ndugu

Tangu nirudi kutoka Rhamu simu yangu haijapumua. Kila mmoja wenu anauliza lile lile: ilikuwaje mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Bungoma, akaenda mpaka ukingoni mwa Kenya na mzee wa Kihindi asiyekula nyama, kutafuta neno la mbuzi? Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nimpe kichwa na yule nimpe mkia. Basi nawaandikia yote kwa mpigo. Habari za kutafuta gari na ruhusa nitaziruka, maana hata mimi zilinichosha wakati ule.

Kabla hatujaondoka

Jirani yangu hapa Garissa anaitwa Kumaran. Kazi yake ni kufunga mitambo ya sola. Babake, Mzee Arumugam, alikuja kumtembelea kutoka Madurai, kusini mwa India, ambako alifundisha lugha ya Kitamil mpaka akastaafu. Ni mzee mwembamba, mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi hata kama anakwenda tu kununua nyanya.

Siku moja Kumaran alimpeleka babake soko la mifugo. Mzee akamsikia mchungaji mmoja akisema "adhi", akionyesha kundi la mbuzi na kondoo. Mzee akasimama kama aliyepigwa na umeme. Kwa Kitamil mbuzi ni "aadu", na ile "d" hutamkwa ulimi ukiwa umekunjwa nyuma, ukigusa paa la kinywa. Ile "dh" ya Wasomali nayo ni hivyo hivyo, ulimi uliokunjwa. Nasikia alitaka kumkumbatia yule mchungaji, naye mchungaji akadhani anataka kupunguziwa bei.

Jambo lenyewe si dogo. Mzee Arumugam ameamini tangu ujana wake kwamba Kitamil ndicho mama wa lugha zote duniani. Kwao kuna hadithi ya nchi ya kale iliyozama baharini kusini, na watu waliosalimika wakatawanyika huku na huko, hata Afrika. Sasa amesikia Msomali akimwita mbuzi kwa Kitamil! Alipouliza zaidi sokoni, wengi walimwambia hapa Garissa watu husema "ari". Lakini yule mchungaji akashikilia: "Huko kwetu Rhamu tunasema adhi." Ikawa lazima aende Rhamu. Na kabla hata hajafunga mzigo, alikuwa amewaahidi walimu wenzake wastaafu kule Madurai kwamba atawahutubia kwa video, awape ushahidi.

Kumaran alikuja kwangu shule zilipofungwa. "Mwalimu Nekesa, mimi siwezi kuacha kazi. Nenda naye. Unajua mambo ya lugha, na unajua kuongea na watu." Kisha akashusha sauti. "Ila tafadhali, usimvunje moyo."

Nilielewa. Nilisoma isimu chuoni, na najua ukoo wa Kitamil: ndugu zake ni Kitelugu, Kikannada, Kimalayalam na wengine wa kusini mwa India, na yuko binamu mmoja aliyepotelea mbali sana, anaitwa Kibrahui, kwenye milima ya Pakistani. Kihindi cha kaskazini hakimo katika ukoo huo, ingawa wamekopeshana maneno kwa karne nyingi. Wapi hasa ukoo huo ulianzia, wataalamu bado wanabishana. Lakini Kisomali? Hakimo kabisa. Nilimwahidi Kumaran nitafunga mdomo. Niliona kunyamaza ni kazi rahisi.

Garissa hadi Modogashe: nyanya wa kiume

Dereva wetu alikuwa Abdirashid, mtu wa makamo kutoka Wajir, mwenye mswaki mdomoni na maoni juu ya kila jambo. Kumaran alikuwa amenifundisha nimwite babake "Ayya", neno lao la heshima kwa mwanamume. Nikalitumia kwa bidii. "Ayya, funga mkanda. Ayya, maji haya hapa."

Tulipovuka kituo cha kwanza cha ukaguzi, Abdirashid hakuweza kujizuia tena. "Mwalimu, samahani. Huyu adeer, huyu ami yetu, ni mwanaume ama ni nini?"

"Kwani umeona nini?"

"Wewe unamwita ayeeyo, ayeeyo. Ayeeyo ni nyanya. Mama ya mama yako!"

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nilipomweleza Mzee kwa Kiingereza, ambacho ndicho tulichozungumza safari nzima, hakucheka. Macho yalimng'aa. "Unaona? Neno la heshima kwa mkubwa! Limebadilika kidogo tu!" Akalirudia mara kadhaa, ayya, ayeeyo, ayya, ayeeyo, huku Abdirashid akinitazama kwenye kioo kama anayeuliza tumpeleke hospitali.

Modogashe tulifika jua likiwa utosini. Mwenye hoteli, mama mnene mwenye shungi la manjano, alitupungia mkono kutoka mlangoni: "Kaalay! Kaalay!" Maana yake njoo. Mzee akasimama, akatazama jua, akatazama saa yake, akaniuliza kwa upole kwa nini mama yule anasema "asubuhi" saa sita mchana. Kwa Kitamil, kumbe, "kaalai" ni asubuhi.

Nikamwambia kwamba hapa ni "njoo".

"Asubuhi ndiyo inayokuja," akajibu, akaingia ndani akiwa ameridhika kabisa.

Ndani ndiko tulikoumbuka. Mhudumu alikuja kasi, akamwuliza mgeni kwanza kama ilivyo adabu: "Adeer, nyama ya mbuzi ama ya ngamia?" Mzee alikuwa ameshika neno moja tu, lile "ama". Kwa Kitamil "aamaa" ni ndiyo. Alidhani ameulizwa kama yuko tayari kula, naye akajibu kwa furaha, "Aamaa! Aamaa!"

Mhudumu akaleta zote mbili.

Sahani ilikuwa kama kilima, wali chini, nyama juu, na ndizi mbivu kando kama kawaida ya huku. Mzee hajawahi kutia nyama kinywani tangu azaliwe. Alisogeza kiti nyuma taratibu. Abdirashid akainua mikono: "Bismillahi. Mungu anajua kugawa." Mimi na yeye tulikula mpaka tukaona aibu. Mzee alikula ndizi zote.

Modogashe hadi Wajir: chapati yenye matundu

Baada ya Habaswein tuliingia kwenye mvua ambayo hakuna aliyeitarajia. Mbele yetu bonde la mchanga ambalo mwaka mzima hupitwa na mbuzi lilikuwa limegeuka mto wa rangi ya chai. Malori yalipangana upande huu, malori yalipangana upande ule, na madereva walikuwa wamekaa juu ya malori yao wakitazama maji kama watu wanaotazama mpira.

Tulikaa hapo mpaka jioni. Wanawake wawili walitokea na birika na anjera moto, zile chapati laini za unga uliochachushwa, zenye matundu madogo upande mmoja. Mzee alipofunuliwa kitambaa, akanyamaza. Akaikata kwa vidole, akanusa, akala. Halafu, mwenzenu, machozi yakamtoka.

"Hii ni ya mama yangu," akasema. "Kwetu tunaiita appam. Unga unalala usiku kucha mpaka unachacha. Hivi hivi. Matundu haya haya."

Alikula tano. Wale wanawake walifurahi sana kumwona mgeni akilia kwa chakula chao, wakamwongezea na sukari juu. Mimi nikafikiria jinsi watu wa mbali mno wanavyoweza kugundua jambo moja kila mtu kwake, kwa sababu unga ukilala utachacha tu, uwe Madurai au uwe Habaswein. Lakini ungemwambia mtu hivyo na machozi mashavuni? Nikanywa chai yangu.

Maji yalipopungua tulivuka tukifuata lori, Abdirashid akisoma dua na Mzee akisoma zake. Mimi nikaimba tenzi. Gari likapita.

Wajir hadi Eldas: springi na ukweli

Kwenda Eldas haikuwa katika mpango. Abdirashid alitaka kupitisha mzigo wa dawa za mifugo kwa mtu wake kule, akaapa, kwa Kiswahili cha Wasomali ambacho "p" mara nyingi hugeuka "b", kwamba ni "karibu tu, mwalimu, hapo tu, bole bole tunafika". Hiyo "hapo tu" ilitutoa jasho. Karibu na mji springi ya nyuma ikakatika kwa mlio kama wa bunduki, tukaingia Eldas tukiwa tumeegemea upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Fundi akaitazama, akasema springi itatoka Wajir, gari la Wajir litakuja litakapokuja.

Tukakaa. Nyumba ya wageni ilikuwa na baraza, na mbele yake uwanja ambapo ngamia walipita asubuhi na jioni. Mzee aliweka kiti chake hapo, akawa anakusanya maneno kutoka kwa kila apitaye. Mengi hayakufanana na chochote. Maji, "biyo", kwao "thanni". Maziwa, "aano", kwao "paal". Ngamia, "geel", kwao neno refu ambalo ulimi wangu uliligomea. Hayo alipita juu yake kama hakuyasikia. Lakini baba, "aabo", alilishika kwa mikono miwili, maana kwao ni "appaa".

Nadhani uso wangu ndio ulionisaliti. Siku ya pili, tukiwa tunangojea ile springi, alinigeukia ghafla.

"Mwalimu Nekesa, tangu Garissa unatabasamu kama mtu anayembembeleza mtoto. Mimi nimefundisha maisha yangu yote. Najua mwanafunzi anayejua jibu na hataki kuinua mkono. Sema."

Nilifikiria ahadi yangu kwa Kumaran. Nikafikiria pia hotuba ile ya Madurai, wazee wenzake wamekaa mbele ya kioo wakimsikiliza. Je, nani angemwambia huko, na kwa maneno gani?

"Ayya," nikasema, "kwa Kiswahili 'ni' huonyesha mimi. Nimekuja, ninakula. Wewe uliniambia kwa Kitamil 'nii' ni nini?"

"Wewe."

"Basi tukifuata mfanano wa sauti peke yake, mimi ndiye wewe. Lugha yoyote ukiipekua utapata maneno yanayofanana na ya lugha nyingine. Hata baba na mama, watoto wote duniani huanza na sauti zile zile. Udugu hautafutwi hivyo. Kwetu Bungoma mtu ni 'omundu', watu ni 'babandu'. Kwa Kiswahili, mtu na watu. Ukibadilisha moja na lingine linabadilika, kwa utaratibu ule ule, neno baada ya neno. Hapo ndipo tunasema hawa ni ndugu. Kitamil na Kisomali havina hilo. Nasikitika."

Kisha akauliza, kwa sauti iliyonichoma kuliko kelele: "Vitabu vilivyokufundisha hayo viliandikwa na nani?"

Vingi viliandikwa na watu wale wale waliotupangia makabila na mipaka, kwao na kwetu.

"Waliandika nini kuhusu lugha ya bibi yako?" akaendelea. "Walisema ni lugha kamili? Mimi niliambiwa utotoni kwamba lugha yangu ni makelele ya watumishi. Ninapowaambia wanafunzi kwamba ni mama wa zote, wanakaa wima kwenye madawati. Umewahi kuona darasa likikaa wima?"

"Nimewahi," nikasema. "Walikosea mengi kuhusu bibi yangu. Lakini 'babandu' sikuisoma kwao. Niliisikia kwake."

Akanyanyuka, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Ule utaratibu wa mlango ndio ulionikosesha hamu ya chakula.

Eldas hadi Rhamu: kimya kwenye kiti cha nyuma

Springi ilifika, tukarudi barabara kuu na kushika njia ya El Wak. Mzee alikaa nyuma. Hakuuliza neno lolote la kitu chochote. Swala walipita, twiga akavuka barabara kwa madaha, Abdirashid akapunguza mwendo ili mgeni apige picha, na mgeni akatazama upande wa pili.

"Nyinyi mumeachana?" Abdirashid aliniuliza kwa Kiswahili.

"Nimemwambia Kisomali na Kitamil si ndugu."

"Hiyo tu? Mimi ningekuambia Garissa! Sisi undugu tunajua mbaka babu ya ishirini. Huyo babu yake hayuko." Akatafuna mswaki kidogo. "Lakini mwalimu, mtu akikuja nyumba yako akisema mimi ni ndugu yako, wewe humwambii kwanza 'hapana'. Kwanza unambatia maji."

Nilikwenda hadi El Wak nikiwaza maneno hayo. Sikujutia niliyoyasema. Ila nilijutia kwamba niliyasema mimi, na niliyasema Eldas, kwenye baraza la nyumba ya wageni, ambako hakuwa na pa kwenda. Pale El Wak nilimnunulia tikiti maji. Alilipokea, akasema asante, akala. Hiyo ilikuwa hatua.

Rhamu: vitunguu na chai

Rhamu iko kando ya mto Daua, na ng'ambo ni Ethiopia. Baada ya vumbi lile lote, kijani cha mashamba ya kando ya mto kinakupiga machoni: migomba, mahindi, vitunguu kwenye matuta. Tulifikia kwa shangazi yake Abdirashid, Mama Habiba, na mumewe Alio. Waliona mzee mgeni amechoka, wakamtolea kitanda chao wenyewe bila kumwuliza kabila wala dini.

Alasiri kundi lao likarudi kutoka malishoni. Mama Habiba akaita kwa sauti, na neno likatoka wazi kabisa: adhi. Mzee Arumugam akasimama. Ulimi umekunjwa vile vile, sauti ile ile, na mbuzi wenyewe ndio hao wanapita mbele yake wakikohoa vumbi. Nilimwona akilimeza lile neno kama mtu aliyekuwa na kiu.

Kisha akanigeukia. Mara ya kwanza tangu Eldas.

"Mwalimu, tuhesabu."

"Tuhesabu nini?"

"Namba. Moja, mbili, tatu. Ukitaka kujua kama watu ni ndugu, sikiliza wanavyohesabu. Hili hata mimi nilifundisha, miaka yote hiyo. Sikutaka kulitumia huku." Akaelekeza kidole kwa mbuzi. "Mwambie mama ahesabu hawa."

Nilimtafsiria Mama Habiba, naye akashtuka. "Astaghfirullahi! Mifugo haihesabiwi hivyo mbele ya watu! Huyu anataka nibatwe na jicho?" Alio akacheka, lakini naye akasogea kuziba mbuzi kwa mwili wake. Nikaomba radhi kwa lugha zote nilizo nazo. Mwishowe Alio akaleta kapu la vitunguu, akamwaga mkekani. "Hii hesabu. Kitunguu haina jicho."

Mama Habiba akahesabu kwa Kisomali, akisukuma kitunguu kimoja kimoja: "Kow, laba, saddeh, afar, shan…" Alio ni mtu aliyekulia kati ya Waborana, na nyumbani hapo lugha hizo mbili hupishana kama milango. Naye akarudisha vile vile vitunguu kwa Kiborana: "Tokko, lama, sadi, afur, shan…"

Laba, lama. Afar, afur. Shan, shan. Hata Abdirashid, ambaye amezisikia zote mbili maisha yake yote, alitoa mswaki mdomoni. "Kumbe!"

Mzee akanitazama mimi. Nikahesabu kwa Kiswahili na kwa Kibukusu cha kwetu Bungoma: mbili, bibili, tatu, bitaru, nne, bine, tano, birano. Nilimwambia pia ukweli wa aibu yetu, kwamba sita, saba na tisa za Kiswahili tulizikopa kwa Waarabu, kwa hiyo hata namba husafiri.

Ikabaki zamu yake. Alikaa chini mkekani, shati jeupe na yote, akavuta vitunguu kwake. "Onnu, rendu, muunu, naalu, anju." Halafu kwa Kitelugu: "Okati, rendu, muudu, naalugu, aidu." Halafu kwa Kikannada: "Ondu, eradu, muuru, naalku, aidu." Alizisema polepole, na kadiri alivyoendelea sauti ilizidi kushuka. Mkekani kulikuwa na koo tatu, na hata kiziwi angezitenganisha.

Alikaa akivitazama vitunguu. Nilitamani kumshika bega lakini sikujua kama kwao inafaa.

"Si ndugu," akasema hatimaye. Akalirudia kwa Kiswahili, maana neno hilo alikuwa amelishika njiani: "Si ndugu."

Mama Habiba hakujua hasa msiba wenyewe ni upi, ila alijua sura ya msiba. Akaenda jikoni. Akarudi na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, tamu ya kukata kiu, na viungo vikinukia mpaka uani. Mzee alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akainua uso.

"Ndani kuna nini?"

Mama Habiba akahesabu kwa vidole: iliki, mdalasini, karafuu, "na sanjabiil".

"Na nini?"

"Sanjabiil. Tangawizi," nikamsaidia.

"Mwambie alirudie."

"San-ja-biil," akasema Mama Habiba, polepole kama anayemfundisha mtoto.

Mzee akaweka kikombe chini kwa uangalifu sana. Kwa Kitamil, akaeleza, tangawizi ni "inji", na mzizi ni "ver". Mzizi wa tangawizi, neno la zamani sana la kusini mwa India. Wafanyabiashara walilibeba pamoja na magunia. Likaingia Kisanskriti, likafika kwa Wayunani, likapita kwa Waajemi na Waarabu, kila mtu akilichonga kidogo, mpaka likawa zanjabil. Hilo wataalamu wengi wanalikubali, na mimi nililisoma pia, nikalisahau kabisa. Nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi na mzee huyu kutoka Garissa hadi Rhamu na halikunijia akilini hata mara moja!

Nilipomtafsiria, Mama Habiba alikunja uso. "Subiri. Sanjabiil iko ndani ya Kurani. Watu wa peponi watakunywa. Sasa huyu nasema Mungu alibata neno kwa Wahindi?"

Abdirashid akaacha kutafuna. Mimi nikasita kutafsiri, lakini Mzee alikuwa ameshauona uso wake akaniomba nimwambie kila neno. Alipoelewa alikunja viganja kifuani.

"Hapana, mama. Mwambie hapana. Sisi tuliipanda tu."

Mama Habiba alifikiria kidogo. Kisha akacheka, kicheko kikubwa cha kifua, akamjazia kikombe mpaka kikamwagika sahanini. "Basi mlibanda fizuri!"

Tulikaa pale mpaka jua likaingia upande wa mto. Mzee alitaka kujua jina la kila kitu tena, lakini safari hii alikuwa akiuliza tofauti. Hakurukia yaliyofanana. Alitaka kujua kwa nini ngamia jike ana jina lake na ngamia dume ana jina lake, na anayenyonyesha ana lingine, na aliyefiwa na ndama ana lingine. Alio alimjibu mpaka sauti ikamkauka.

Kurudi Garissa

Kurudi kulikuwa kwepesi; mvua ilikuwa imekwisha na springi ilivumilia. Mzee alikaa mbele. Alituomba radhi, mimi na twiga.

Kumaran alinipokea akiwa na swali machoni. Nikamwambia wazi: "Nilimwambia. Nilivunja ahadi."

"Najua. Alinipigia kutoka Eldas." Akatikisa kichwa. "Alisema, 'Yule mwalimu wako hana adabu, na nadhani hakukosea.'"

Hotuba ilikuwa siku chache baadaye, sebuleni kwa Kumaran. Nilialikwa. Kwenye kompyuta walijaa wazee wa Madurai, kila mmoja na kijidirisha chake, wengine paji la uso tu. Mzee alivaa shati lake jeupe akasimama, ingawa kamera ilimwonyesha kifua peke yake. Sikuelewa Kitamil chake, ila nilisikia laba, lama, afar, afur. Nikasikia Rhamu. Nikasikia "Habiba amma", yaani Mama Habiba.

Mtu mmoja akaanza kufoka. Mwingine akamdakia. Kijidirisha kimoja kikazimika, kisha kingine, kisha vitatu kwa pamoja. Kumaran alikuwa ameuma kidole. Mzee hakukaa. Aliendelea kuongea na waliobaki, sauti ile ile, kama mwalimu ambaye nusu ya darasa imekimbilia mpirani na yeye bado ana kipindi chake.

Mwishowe alibaki mama mmoja mzee mwenye miwani minene, aliyefundisha naye shule moja zamani. Akauliza jambo. Mzee akajibu, na yule mama akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Wamesemaje?" nikamnong'oneza Kumaran.

"Amemwuliza, sasa mhadhara mzuri ule uliotuahidi tutaupata lini?"

"Akasema?"

"Nikishajua Kisomali."

Nikadhani ni mzaha. Lakini asubuhi iliyofuata Kumaran aligonga mlango wangu. Babake alikuwa ameahirisha kurudi India, na alitaka mwalimu, mtu mvumilivu, asiyecheka ulimi wa mgeni. Je, namjua yeyote?

Nilimwambia mwenye subira namjua mmoja, ila huyo wa kutocheka bado hajazaliwa Wajir yote. Mchana Abdirashid akaegesha gari mbele ya nyumba, mswaki mdomoni, akaingia bila kugonga. Nikamsikia kutoka uani kwangu akianza somo la kwanza, kwa sauti ya mtu aliyeajiriwa kazi aliyozaliwa nayo:

"Adeer, leo ngamia. Kaa chini, hii itachukua mbaka mwezi wa kumi."